Muuaji Niliyemtunga Kwenye Banda la Majani

Muuaji wangu wa kwanza alikuwa hovyo kabisa. Alikuwa na kovu shavuni, alicheka peke yake gizani, na kabla ya kumuua mtu ilikuwa lazima ahutubu kama mwanasiasa aliyepewa kipaza sauti cha bure. Mimi nilimpenda. Nilimsoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakingoja lori la majani ya chai, nikitegemea watashika vifua kwa hofu. Badala yake wakaniuliza kama mtu huyo hana kazi ya kufanya.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa si mbali na Litein. Nina pia kipande cha shamba la chai alichoniachia baba. Baba alikuja huku akiwa kijana kutoka milima ya upande wa magharibi, akachuma chai ya wenyewe kwenye mashamba makubwa mpaka mgongo ukapinda, kisha akanunua kipande hicho kwa Wakipsigis, ambao ndio wenyeji. Nimezaliwa hapa, lugha yao naizungumza kama wao, lakini bado kuna watu wanaoniita mtu wa kuja. Sikasiriki. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata akiwa ametagia hapo miaka arobaini.

Kila alasiri ya siku ya kuchuma tunapeleka majani kwenye banda la kupimia. Karani na mizani huja na lori la kiwanda, na lori huja likipenda. Mvua ikinyesha, na kwetu mvua haiombi ruhusa, barabara inakuwa utelezi mtupu na tunangoja saa mbili, tatu. Watu hupekua majani yao, wakitoa yaliyokomaa ili karani asiyakatae, huku wakisengenya. Siku moja nilikuwa nasahihisha kurasa za riwaya yangu ya upelelezi, mtu akaniuliza nasoma nini, nikamsomea. Wiki iliyofuata wakaniuliza kama nimekuja na kurasa nyingine. Hivyo ndivyo nilivyopata wasomaji, wote wamejifunga nailoni kiunoni na kulowa hadi magotini.

Aliyeniharibia muuaji wangu ni bibi mmoja ambaye wote tunamwita Kogo, yaani nyanya, kwa lugha ya hapa. Amechuma chai tangu kabla mimi sijazaliwa na hamwogopi mtu.

"Mwalimu," akasema, "huyo mtu wako si mtu. Anacheka kila saa. Mtu mbaya hana wakati ya kucheka, ako na kazi. Anaamka, anapeleka maziwa, anasalimia watu. Hakuna mtu anaamka akisema leo nitakuwa mbaya."

Banda zima likacheka, mimi nikacheka nao, lakini nilienda nyumbani nimeumia. Niliumia kwa sababu alisema kweli. Nilikuwa nimesoma riwaya za upelelezi tangu darasa la saba, na nilijua msomaji wa riwaya hizo ni mtu wa ajabu: atakubali maiti tatu, nne, bila kutoa chozi, lakini ukimnyima sababu hatakusamehe. Anataka kuingia ndani ya kichwa cha mhalifu na kuketi humo kidogo, aone kama patafanana na kwake. Kichwa cha muuaji wangu hakikuwa na kiti hata kimoja.

Nikaanza kutafuta kichwa. Sikutafuta mbali.

Jirani yangu na mimi tunatenganishwa na mstari wa miti tu. Ni Mkipsigis, mtu mpole wa umri wa kaka yangu mkubwa. Mkewe alikufa miaka mingi iliyopita kwenye kijito kinachopita chini ya mashamba yetu. Kulikuwa na daraja la magogo, na asubuhi moja baada ya mvua kubwa mama huyo alikutwa chini yake, kichwa kimegonga jiwe. Polisi walikuja, wakaandika, wakaenda. Watu walisema ameteleza, nami nilisema hivyo. Jirani alibaki na binti mdogo, akamlea peke yake. Alijifunza kumsuka nywele. Nilimwona kwa macho yangu, amekaa mbele ya nyumba, kichwa cha mtoto katikati ya magoti, ulimi umetoka kidogo kwa kuzingatia, na nywele zikitoka vibaya sana.

Kitu kimoja kuhusu jirani huyu kilikuwa kikinikera kama punje kwenye jino: hakuwahi kukanyaga tena daraja lile. Lilikarabatiwa, likawekwa vyuma, ng'ombe na pikipiki zinapita. Yeye huzunguka kwa barabara ya juu, mzigo wa majani mgongoni, nusu saa zaidi. Na ukimuuliza jambo lolote, hata bei ya sukari, kwanza hukunja mkono wa shati mara moja, halafu ndipo hujibu.

Nikajiuliza: mtu kama huyu, angeua vipi? Nasema kweli kwamba niliuliza hivyo hivyo, kama fundi anayejiuliza mlango ungefaa ukuta gani. Jibu likaja lote kwa mara moja, na lilikuwa zuri mno hata nikasimama jikoni nikiongea peke yangu. Angemsukuma. Asubuhi, magogo yameloa, neno moja baya, mkono mmoja. Kisha angerudi nyumbani akamlisha ndama, kwa maana ndama hangoji. Na kuanzia siku hiyo angekuwa mtu mwema. Si kwa kujifanya. Angekuwa mwema kwelikweli, miaka na miaka, na wema wenyewe ndio ungekuwa maficho yake. Kila jema ambalo angelitenda lingekuwa jani jingine la kufunikia pale pale.

Nilimbadilisha, bila shaka. Nilimfanya fundi wa mawe, nikamhamishia upande wa Kapsoit, nikampa kaka wa kumuua badala ya mke, nikamnyima mtoto. Nilijiona mjanja. Lakini daraja nililiacha, kwa sababu bila daraja sura haikusimama. Na mkono wa shati niliuacha kwa sababu ulikuwa mtamu.

Siku niliyosoma sura hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka ikabidi nipaze sauti. Jirani hakuwepo. Binti yake ndiye aliyeleta majani. Alikuwa msichana mkubwa sasa, amemaliza chuo cha ualimu wa chekechea, na habari zilikuwa zimeshaenea kwamba kuna nyumba upande wa Bomet inayomtaka kwa kijana wao. Alikuwa amekaa juu ya gunia lake, anasikiliza kama wengine. Nilipofika kwenye daraja, watu wakaacha kupekua majani. Nilipofika kwenye mkono wa shati, hakuna aliyekohoa. Nilimaliza, nikainua macho, nikaona nyuso ambazo kila mwandishi anaziota. Kogo peke yake hakuwa akiniangalia. Alikuwa anamwangalia yule msichana.

"Sasa huyu," akasema Kogo polepole, "huyu ni mtu."

Nilitembea kwenda nyumbani kichwa juu. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa na furaha.

Gunia la majani likishajaa, mtu mmoja hawezi kulitundika kwenye mizani. Hakuna anayeomba kusaidiwa. Unainama tu, na mkono wa jirani unakuwa tayari upande wa pili. Wiki ile niliona jirani yangu ameinama na upande wa pili hapakuwa na mkono. Alingoja. Akatazama huku na huku. Mwishowe karani, ambaye ni mgeni na hakujua lolote, akashuka kumsaidia. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Nilijiambia nina daftari mkononi.

Nilijiambia mengi siku hizo. Kwamba sikutaja jina. Kwamba fundi wa mawe si mchuma chai, na mtu mwenye akili timamu anajua hadithi ni hadithi. Kwamba kama kuna tuhuma basi zilikuwepo kabla yangu, maana watu husema lisemwalo lipo. Zote zilikuwa sababu nzuri. Jioni moja niliifungua sura ile nisahihishe, nikakuta muuaji wangu anajiambia karibu maneno hayo hayo: sikukusudia, ni mkono tu, gogo lilikuwa bovu tangu zamani. Nilikuwa nimemwandikia mimi mwenyewe, na bado nilishtuka. Nililifunga daftari na kwenda kukamua.

Kisha wakaja kwangu wazee wawili kutoka upande wa Bomet. Walikuwa ndugu za baba wa kijana. Kwa Wakipsigis, kabla ya koito, yaani ile siku ambayo familia mbili huketi pamoja kukubaliana ndoa, upande wa kijana hutuma watu wa kuchunguza. Hawaendi kwa wenye nyumba. Wanazunguka kwa majirani, wanasifu ng'ombe, wanakunywa chai, na katikati ya hayo wanauliza: je, katika nyumba ile kuna wizi? Kuna wazimu? Kuna damu? Wakipata damu, hakuna koito. Hawagombani na mtu, hawatoi sababu. Wanaacha tu kuja.

Walikuwa wametokea bandani. Hilo walilisema wenyewe. Nikawapa chai, tukasifu mvua.

"Mwalimu," akasema mkubwa wao, mtu mwenye sauti laini, "tumekuja kwako kwa sababu wewe huna ukoo hapa. Hawa wengine wanaweza kupendelea, ama kuchukia. Wewe huwezi. Na umekaa karibu na hiyo boma miaka mingi."

"Ni kweli," nikasema.

"Msichana ni mzuri. Hiyo tumeona. Lakini tumesikia maneno ya mama yake na ile daraja. Wewe unaweza kutuambia huyo mzee hakumuua bibi yake?"

Hapo ningepaswa kusema ndiyo. Neno moja. Jirani huyu alikuwa amekaa na baba yangu hospitalini wakati mimi niko chuoni. Wakati wa ghasia za uchaguzi, watu wa kuja walipokuwa wakifukuzwa, alisimama kwenye lango letu na rungu lake mwenyewe akiwaambia vijana wa kwao kwamba hapa hamwingii. Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa nimekaa ndani ya kichwa nilichomtengenezea miezi mitatu, nikimsikia akifikiri, na nilipotafuta yule jirani niliyemjua, nilimwona mtu mwema na nikafikiri: mwema, ndiyo, lakini wema huo ni wa kuficha nini? Nilikuwa nimejiloga.

"Sijui," nikasema.

Nilisema kwa sauti ya ukweli, sauti ile ninayowafundisha watoto waitumie. Mzee aliitikia kwa kichwa, akamaliza chai yake, akashukuru sana.

Siku ya koito ilikuwa imepangwa baada ya wiki mbili. Ikaahirishwa. Halafu hawakusema tena chochote.

Jirani alikuja kwangu Jumapili moja baada ya kanisa, kofia mkononi, amevaa shati lake la kanisani. Alikataa kuketi mpaka nilipomsihi.

"Mwalimu, nasikia ulisema hujui."

"Ndiyo."

Akakunja mkono wa shati. "Mimi sina maneno mingi. Nataka kujua kama kuna mtu alikuambia kitu."

"Hakuna."

"Sasa hiyo maneno ulitoa wapi?"

"Kichwani. Nilitunga. Si wewe, ni mtu wa stori."

Alifikiri sana. "Huyo mtu wa stori anaogopa daraja yangu," akasema.

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana angalau una la kushika.

"Mimi siogopi ile daraja," akaendelea. "Lakini nikifika pale, naita mama ya mtoto. Inatoka tu, kwa nguvu. Watu wanapita. Sasa mtu mzima atakaa akiitana barabarani? Ndiyo maana napita juu." Akageuza kofia mkononi. "Hiyo ndiyo sababu. Hakuna mtu aliniuliza."

Nililia mbele yake, na sijali nani atajua. Miezi mitatu nilikuwa nikichimbua sababu za mtu kichwani mwangu, na mwenye sababu alikuwa ng'ambo ya mstari wa miti, hatua hamsini, na sikuvuka hata siku moja kuuliza.

Hakudai nimwombe radhi. Aliomba jambo moja tu: niende kwa wale watu niwaambie. "Mtoto wangu asikae kwa sababu ya stori," akasema.

Nilienda Jumamosi iliyofuata. Lilikuwa boma kubwa, na walikuwa wamekusanyika wengi kuliko nilivyotaka. Nilisimama nikawaambia yote: kwamba nilichukua huzuni ya mtu nikampa muuaji wa kubuni, kwamba watu wa banda walisikia hadithi yangu wakaisimulia kama habari, na kwamba wao wenyewe waliponiuliza niliogopa kivuli nilichochora mwenyewe.

Mzee wa sauti laini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mara ya kwanza ulisema hujui," akasema. "Umejua lini?"

"Nilijua tangu zamani. Nilisahau."

"Mtu anaweza kusahau kitu kama hiyo?"

"Mimi nilisahau."

Walitoka nje wakashauriana. Nilikaa nikiangalia kuku wakidonoa mahindi na nikamwomba Mungu kama sijawahi kuomba kwa ajili ya mtoto wa mwenzangu. Waliporudi, mzee alisema mwalimu aliyekuja mwenyewe kujivua nguo mbele ya watu, hawezi kuwa amekuja kudanganya. Wangekuja.

Na walikuja. Bandani mambo yalirudi polepole. Kogo ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika upande wa pili wa gunia la jirani, pamoja na umri wake wote, na baada ya hapo wengine waliona aibu. Riwaya niliiweka kabatini. Nilikuwa nimempelekea mhariri mmoja Nairobi sura chache kabla ya haya yote, na barua yake ikaja wakati huo huo: sehemu nyingi hazikumfurahisha, aliandika, ila yule fundi wa mawe, yule anaaminika kabisa. Nikaifungia na zile kurasa.

Siku ya koito niliitwa nisaidie jikoni. Boma la jirani lilikuwa limefagiliwa, viti vya kuazima vimepangwa, vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha, vinatikiswa. Wazee wa pande zote mbili walikuwa ndani, na kila baada ya muda tulisikia kicheko, nasi jikoni tukacheka kwa kuwa kicheko ni dalili njema. Nilimwona jirani mara moja mlangoni, anapokea mgeni kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, afadhali, imepita.

Binti akanishika mkono akanitoa nyuma ya ghala. Alikuwa amependeza sana. Nilifikiri anataka kunishukuru, Mungu anisamehe.

"Mwalimu, nikuulize kitu, na usinifiche. Kuna kitu ulijua?"

"Hakuna, mwanangu. Yote nilitunga. Niliwaambia hata wao."

"Najua. Nilisikia vile uliwaambia. Wao waliamini." Aliangalia chini. "Ile siku ulisoma, nilienda Litein nikanunua komeo. Nikaweka kwa mlango ya chumba yangu, kwa ndani. Nafunga kila jioni. Nyumba yetu ni ndogo, Baba anasikia."

Nilimwambia nini? Nilimwambia baba yake ni mtu mwema.

"Hiyo ndiyo shida," akasema. "Kwa stori yako pia ni mtu mwema."

Ndani waliita chai. Alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, asiharibu uso.

"Mimi si fundi, niliweka vibaya, skrubu zilikuwa zinalegea," akasema. "Juzi nimetoka kufundisha nikapata amekaza zote. Hakusema kitu. Alikaza tu, ili nikifunga ishike vizuri. Na mimi nimekaa hapo kwa kitanda nikiangalia hizo skrubu, na sijui hiyo ni upendo ama ni nini."